Kitalu cha Igowole na Mkono wa Mama Twilumba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya mchuchumio. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo na cheti changu kwenye bahasha, nimepangiwa kituo cha utafiti nje kidogo ya Mbeya mjini, kitengo cha magugu, na kichwani mwangu utafiti ulikuwa koti jeupe na darubini. Mkuu wa kitengo, ambaye wote tulimwita Bwana Mtafiti, alivitazama vile viatu, akanitazama usoni, akaenda stoo na kurudi na ndoo na kinu. Akaniagiza ning'oe mashona nguo nyuma ya jengo, niyatwange na kuyaloweka hadi kesho yake. Mashona nguo ni yale magugu yenye mbegu nyeusi nyembamba zinazong'ang'ania sketi ukipita shambani. Nyumbani kwetu Tukuyu nilikuwa nimetwanga tangu nilipopata akili, nikajiuliza kama mama alinisomesha ili nije mjini kutwanga tena, na safari hii kutwanga majani ya kutupa. Nilitwanga nikiwa peku, viatu nimeviweka juu ya tofali.

Kesho yake tuliyachuja yale maji. Tukapanga sahani, kila moja ina pamba iliyolowana na mbegu za kabichi juu yake. Sahani nyingine tulizitia maji ya magugu, nyingine maji safi ya bomba, na hizo za maji safi ndizo tuliziita za kulinganishia, maana bila hizo huwezi kujua kama mbegu yenyewe ilikuwa nzima au imeshakufa kwenye pakiti. Bwana Mtafiti aliziosha sahani kwa mkono wake mwenyewe na kuzisuuza mpaka nikachoka kumwangalia. Alisema sabuni nayo ni dawa, na sahani yenye sabuni itakudanganya bila aibu.

Baada ya siku chache aliniita nione. Kwenye maji safi mbegu zilikuwa zimepasuka na kutoa mizizi myeupe yenye vinyweleo laini, vile vinyweleo ambavyo mche huvitumia kunywa maji. Kwenye maji ya mashona nguo nyingi zilikuwa zimelala tu. Chache zilizoota zilikuwa na mzizi mfupi, ncha yake ya kahawia kama kiberiti kilichozimika. Nikasema inaonekana zimekosa maji. Neno "inaonekana" yule mzee alilichukia kuliko panya wa stoo.

"Inaonekana kwa nani?" akaniuliza. "Gusa pamba. Imelowa au haijalowa? Mmezoea kufundishwa kwamba magugu yananyang'anya mboga maji, mwanga na mbolea. Ni kweli yananyang'anya. Lakini humu kwenye sahani gugu lenyewe halimo, binti yangu. Imebaki dawa yake tu."

Hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi, na viatu nikavirudisha nyumbani. Nilijifunza kwamba mimea mingine hutoa kemikali kwenye mizizi, kwenye majani mvua inapoyaosha, na zaidi ya yote pale inapokatwa na kuanza kuoza. Kemikali hizo huzuia mbegu za jirani zisiote, au huudumaza mche ukiwa bado mchanga. Anayeumia zaidi ni mwenye mbegu ndogo: kabichi, nyanya, kitunguu, saladi. Mbegu ndogo haina akiba ya chakula ya kuvumilia nayo. Mahindi na maharage huja na chakula chao mgongoni, yanaweza kupita pale pale ambapo kabichi inafia. Tulijaribu magugu mengine, ndago na sangari, tukajaribu ule mmea mrefu wenye harufu kali ambao watu wanauita bangi mwitu ingawa si bangi hata kidogo. Huo wa mwisho ulikuwa mkorofi sana kwenye sahani zetu.

Nilikaa Mbeya miaka mingi na sikuwahi kuwa na mkuu niliyempenda kama yule. Alikuwa mgumu wa kusifia. Ukifanya vizuri alikuachia ufunguo wa stoo, basi, hiyo ndiyo sifa yako. Alipostaafu, kitengo kikapunguzwa watu, nami nikahamishiwa ugani huko Mufindi. Nikapewa pikipiki, koti la mvua lililonizidi, na jina jipya la Bibi Shamba.

Mkuu wangu wa huko alikuwa Afisa Kilimo wa Wilaya, mama wa Kibena mwenye sauti ya chini na asiyetaka kusikia habari ya kuchelewa. Asubuhi moja aliniita ofisini akaniambia kuna kikundi cha akina mama wa kanisa kule Igowole ambacho kitalu chake cha kabichi kimekufa misimu miwili mfululizo. Nikamjibu kwamba nitapita wiki ijayo, nikiwa na ratiba ya upande ule.

"Nenda leo," akasema. "Hawajakuita kwa sababu ya kabichi. Wamekuita kwa sababu ya mtu."

Sikumwelewa mpaka nilipofika. Igowole ni nchi ya baridi na ukungu, na wakati wa kiangazi maisha yapo bondeni, kwenye vinyungu. Wasiotoka huku niwaeleze: vinyungu ni bustani za mabondeni ambako ardhi haikauki, watu huinua matuta na kulima mboga na mahindi mabichi huku mlimani kumekauka. Kabla ya kuinua tuta wanafukia majani chini yake yaoze. Ni ufundi wa zamani na ni ufundi mzuri, sikuja kuwafundisha huo. Kikundi kilikuwa na bonde lake, kila mwanachama ana matuta yake, na kitalu kimoja cha pamoja ambacho miche yake iligawanywa kwa wote. Kitalu kikifa, bonde zima linakosa kabichi.

Nilipokewa na Mwenyekiti, mke wa mzee wa kanisa, mwanamke mpana na mkarimu ambaye alinikalisha na kunipa chai kabla sijavua koti. Wenzake walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Mmoja alikaa pembeni kidogo, si mbali, ila kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja kati yake na wenzake. Huyo ndiye Mama Twilumba. Mikono yake ilikuwa ndani ya kitenge muda wote, hata chai aliiacha ikapoa.

Mwenyekiti alinieleza kwa upole, na nilimwona anaumia kuyasema. Zamani mbegu zilisiwa na bibi mmoja mzee, na kitalu hakikuwahi kukosa. Yule bibi alipohamia kwa bintiye Makambako, wakamchagua Mama Twilumba kwa kuwa vidole vyake ni vyepesi na hamwagi mbegu. Tangu alipoanza yeye, kitalu kimekufa mara mbili. Mbegu walibadilisha, duka wakabadilisha, maji yapo. Kilichobaki ni mkono.

"Bibi Shamba, sisi hatumchukii huyu mwenzetu," akasema. "Lakini kila akisia yeye, kitalu kinagoma. Tumekubaliana tunajaribu mara moja tena. Kikigoma, atupishe bondeni, matuta yake tunampa mwingine."

Nikamtazama Mama Twilumba. Alikuwa mjane mwenye watoto bado wadogo, na yale matuta ndiyo yaliyokuwa yanamlishia nyumba kiangazi chote. Nilingoja ajitetee. Hakujitetea. Alisema tu, akiangalia mkeka, "Hata mimi nimeanza kuamini. Nyumbani mchicha siku hizi anasia binti yangu. Mimi sigusi."

Nilisikia hasira imenipanda hadi masikioni, na sikujua nimkasirikie nani, maana hapakuwa na mtu mbaya kwenye ule mkeka. Nikaomba tuteremke kitaluni.

Kitalu chao kilikuwa safi kuliko vitalu vingi vya kituo chetu cha Mbeya. Udongo ulivunjwa vizuri, mistari imenyooka, na juu yake matandazo, yaani ule mfuniko wa majani unaozuia jua lisikaushe udongo. Kutandaza walifundishwa na sisi wenyewe wa kilimo. Nikainua mfuniko nikachimbua mbegu na vidole. Nyingine hazikupasuka. Nyingine zilitoa mzizi mfupi wenye ncha ya kahawia, na ncha ile niliijua. Nikanusa majani niliyoshika. Yalikuwa bangi mwitu na mashona nguo, yaliyong'olewa karibuni, yanaanza kuoza.

Niliwauliza zamani walikuwa wanatandaza nini. Walijibu nyasi kavu za mlimani. Na sasa kwa nini hawatumii nyasi? Wakacheka, mmoja akanionyesha mlima kwa kidole. Mlima wote ulikuwa misonobari. Nyasi za kukata zilikwisha miti ilipofunga kivuli, na hiyo ilitokea mwaka ule ule aliohama bibi msiaji. Basi waliona busara kutumia majani wanayopalilia mashambani, mabichi, wapate na mbolea hapo hapo. Ile desturi ya kufukia majani chini ya tuta la mahindi waliipandisha juu ya kitalu cha kabichi. Mtu mvivu asingelifanya kosa hilo. Lilikuwa kosa la watu wachapakazi, wasiotaka jani litupwe bure.

Ningeweza kuwaeleza pale pale na kuondoka. Lakini nilimwona Mwenyekiti anavyonisikiliza kwa adabu, ile adabu ya kumsikiliza mgeni, na nikajua nikigeuza pikipiki tu mkono wa Mama Twilumba utabaki pale pale ulipo. Hata kama wangeondoa magugu na kitalu kikaota, wangesema kimeota kwa sababu amesia mwingine. Lazima asie yeye, na lazima asie na mwingine pamoja naye, wote waone.

Nikarudi ofisini kumweleza Afisa Kilimo wa Wilaya ninachotaka kufanya. Akauliza: je, mbegu za Mama Twilumba zikioza kwa ukungu tu, kwa bahati mbaya, nitawaambia nini? Sahani zinaota ukungu, hilo linatokea hata maabara. Nikirudi Igowole na sahani zikamkataa mbele ya watu, nitakuwa nimemfukuza bondeni kwa mkono wangu mwenyewe. Bosi akaniambia niende, ila niweke sahani nyingi kwa kila maji, ili bahati mbaya ya sahani moja isimponze mtu.

Sahani zilipatikana kwa urahisi. Kikundi kilikuwa na kabati la vyombo vinavyokodishwa kwenye harusi na misiba, sahani za bati nyeupe zenye ukingo wa bluu. Niliziosha mwenyewe na kuzisuuza mpaka akina mama wakaanza kuguna, na nikamkumbuka Bwana Mtafiti kwa mapenzi. Tukatwanga magugu kwenye kinu cha Mwenyekiti, tukaloweka, tukachuja. Halafu nikamwomba Mwenyekiti asie sahani za upande mmoja na Mama Twilumba asie za upande wa pili. Kila mmoja apate za maji safi na za maji ya magugu, mbegu kutoka pakiti moja.

Mama Twilumba aligoma. Alisema hataki kuaibishwa mara ya tatu. Nikamsogelea, nikamwambia polepole kwamba nikikosea mimi ndiye nitakayeaibika, na kwamba simfanyii mchezo. Hilo la kwanza halikuwa kweli kabisa, na alilijua. Akaitoa mikono kwenye kitenge. Hakumwaga hata mbegu moja. Sahani zote zikafunikwa, zikawekwa chumbani kwa Mwenyekiti mwenyewe na ufunguo akabaki nao yeye, ili asitokee wa kusema Bibi Shamba alichezea.

Zile siku za kungoja nilikuwa mkali nyumbani hata mume wangu akahamia kula kwa jirani. Nilirudi Igowole siku tuliyopatana, nikawakuta wote wamekusanyika, wamevaa vizuri kama wanaenda ibadani. Tukatoa sahani nje kwenye mwanga tukazifunua.

Za maji safi zilikuwa zimeota, za Mwenyekiti na za Mama Twilumba, mizizi myeupe imetambaa juu ya pamba. Moja ya Mama Twilumba ilikuwa na ukungu pembeni, nikamshukuru bosi wangu kimoyomoyo, maana zilizobaki zilikuwa nzima. Kisha tukafunua za magugu. Za Mama Twilumba zilikuwa zimelala. Za Mwenyekiti nazo zilikuwa zimelala, na zile chache zilizochungulia zilikuwa na ncha za kahawia. Mwenyekiti aliinua sahani yake akaisogeza karibu na macho, akaigeuza huku na huku.

"Kumbe na mimi," akasema.

Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakamfuata, na Mwenyekiti mwenyewe akacheka akajifuta macho. Akaiweka sahani chini. Akaenda kukaa kwenye mkeka, pale kwenye ile nafasi ya mtu mmoja, akamshika Mama Twilumba mikono yote miwili. "Mwenzetu, tumekukosea," akamwambia. Mama Twilumba alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekibeba muda mrefu, na wote tukalia, hata mimi niliyetumwa na serikali.

Baadaye yalikuja maswali, na yalikuwa maswali mazuri. Mama mmoja aliuliza mbona majani hayo hayo wanayafukia kwenye matuta na mahindi yanaota. Nikamweleza habari ya mbegu kubwa na akiba yake, na kwamba yanayofukiwa mapema yanaoza na dawa yake inapungua kabla ya kupanda. Wasiyatupe magugu, nikasema. Wayarundike mbali na kitalu yaoze kabisa, kisha yarudi shambani yakiwa mboji. Kitaluni watandaze nyasi kavu, hata kama ni za kufuata mbali, na wang'oe magugu pembezoni mwa kitalu kabla hayajakomaa. Msimu ule walikwenda kukata nyasi ng'ambo ya misonobari, wakazibeba kichwani wakiimba. Mama Twilumba akasia. Kitalu kikajaa miche mpaka wakauza mingine Mafinga.

Sasa sikilizeni kilichonikasirisha. Msimu uliofuata napita Igowole, naambiwa Mama Twilumba hayupo, ameitwa kijiji cha pili kumsilia mtu mboga. Kwa nini? Kwa sababu ana mkono wa baraka. Miche ile iliota kwa wingi kuliko hata wakati wa yule bibi mzee, kwa hiyo watu wameona. Mabibi harusi wapya walikuwa wanampelekea mbegu zao za kwanza azishike kabla ya kupanda. Nikawaambia akina mama, jamani, si tuliweka sahani? Si mliona kwamba mkono hauhusiki? Wakanijibu kwa heshima kwamba ndiyo, Bibi Shamba, tuliona, magugu mabichi hatuweki tena kitaluni. Lakini mkono wa Mama Twilumba ni mzuri.

Nilifika kwa bosi nikiwa nafoka. Alinisikiliza huku akisaini karatasi zake. "Magugu wameacha?" akaniuliza. Nikasema wameacha. "Mama yule ana matuta yake?" Anayo. "Basi waachie mkono wao."

Baada ya hapo nilihamishiwa Iringa, nikafanya kazi na wakulima wa nyanya na vitunguu upande wa Tosamaganga hadi nikastaafu. Huko nako nilikuta vitalu vilivyokufa kwa ndago na kwa sangari, na nilipanga sahani kwenye meza za watu wengi. Sikumbuki nyingi. Za Igowole nazikumbuka zote, na nafasi ya kila moja.

Siku hizi naishi Mafinga. Vijana wa ugani hunitumia picha za vitalu kwa simu na kuniuliza, Bibi, hii ni nini, ni ukungu au ni magugu? Nawajibu wachimbue mbegu kwanza waangalie ncha ya mzizi, ndipo waniulize. Wanajua mengi kuliko nilivyojua mimi nikiwa na umri wao, na dawa za kuua magugu wanazo za kila rangi, ingawa hizo nazo zikibaki kwenye udongo huudhuru mche mchanga vile vile. Ninachowaomba ni kimoja: kitalu cha mtu kikifa, waulize pia nani anasemwa. Mara nyingi kuna anayesemwa.

Mwaka huu nimeamua kulima kabichi zangu nyuma ya nyumba, mstaafu asije akaoza kwa kukaa. Udongo nimeutengeneza mwenyewe, magugu nimeyang'oa na kuyarundika mbali, nyasi kavu nimezipata kwa kuzisumbukia. Mbegu nilinunua zikakaa mezani wiki nzima, na mume wangu akaniuliza nangoja nini. Nilipiga simu Igowole.

Mama Twilumba alifika kwa basi la asubuhi, ana wajukuu sasa, amevaa kitenge kipya na kucheka kabla hajashuka. Tukasalimiana kamwene nyingi, ile salamu ya huku Mufindi. Tulipofika kitaluni aliniuliza, kwa macho ya utani, kama siku hizi elimu imebadilika, maana mimi ndiye niliyewaambia watu wote kwamba mkono haufanyi kitu. Nikamwambia elimu haijabadilika hata kidogo. Kisha nikampa pakiti, nikasogea pembeni ili kivuli changu kisimzuie, naye akainama akaanza kusia.